Wadoezi Chini ya Chanja

Miaka ishirini nimekausha dagaa hapa Katonga, kando ya ziwa, na miaka yote hiyo nimegombana na sisimizi. Wanapanda miguu ya chanja, ile meza ya fito ninayoanikia, wananibebea dagaa huku nawaona. Dawa yetu wakaushaji ni moja: asubuhi ukishaepua uji, unazoa majivu ya moto jikoni, unayamwaga kwenye shimo lao. Mikono inafanya yenyewe.

Binti yangu yuko chuo kikuu, na anachosomea ni wadudu. Nilipoambiwa nilinuna wiki nzima. Likizo hii alikuja kutafuta sisimizi fulani adimu kwa utafiti wake. Asingempata, ingebidi aanze upya na mada nyingine, mwaka mzima upotee. Alizunguka vilima mpaka Kidahwe, akarudi na vumbi tu. Jioni moja akainua jiwe chini ya chanja yangu, akapiga magoti pale pale. Ndani ya shimo la maadui zangu walikuwamo wengine wadogo zaidi, weusi wa kung'aa, ndio hao aliokuwa akiwatafuta. Akanieleza kwamba hawachimbi, hawatafuti chakula, hawana hata vibarua wao. Wenye nyumba ndio wanaowalisha.

"Basi ni wadoezi," nikamwambia. "Mbona hao ninao wengi, wengine ni wajomba zako."

Alicheka. Giza lilikuwa linaingia, akaniomba nisiliguse lile shimo mpaka yeye awatoe asubuhi.

Asubuhi nikaepua uji, nikazoa majivu kwa beseni, nikamwaga. Nilishtuka beseni likiwa tupu. Binti yangu hakunigombeza. Aliketi chini akalia kimya kimya, na mimi niliona aibu ambayo sijaiona tangu nimzae.

"Nyamaza," nikasema, kwa ukali zaidi ya nilivyotaka. "Nimewamwagia miaka ishirini, wamekwisha?"

Nikamweleza kwamba majivu yanaunguza mlangoni tu. Jua likipanda wanahama, na hawaelekei ziwani hata siku moja. Wanapanda juu, penye mawe makavu nyuma ya choo.

"Una uhakika, mama?"

"Nimewafukuza mpaka huko."

Tukakaa tukingoja. Dagaa wangu sikuwageuza hata mara moja. Karibu na adhuhuri mstari ukatokea, wengi wao na mayai mdomoni. Binti yangu akalala kifudifudi na kioo chake cha kukuzia, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanivuta mkono nitazame. Sisimizi watatu walikuwa wamembeba mmoja wa wale wadogo weusi, taratibu, kama mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Nilitaka kulia, nikaguna tu. Alitia wachache kwenye chupa, wengine akawaacha waende zao. Halafu akatoa daftari, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Mama, hayo ya kuhama, rudia polepole. Sijayaona kwenye kitabu chochote."

Nikarudia. Aliniuliza maswali mpaka jioni, akaandika kila nilichosema, na dagaa wa siku ile waliharibika wote, wala sikujali.