Chai ya Kunusia Petroli

Mume wangu alikuwa fundi magari kwa miaka ishirini na saba, na mtaani walimwita Taratibu. Si kwa uvivu, jamani. Fundi mwingine akikuambia uje kesho, hiyo kesho huioni mpaka uote mvi. Yeye akisema Alhamisi, Alhamisi unalikuta gari lako limekwisha na kuoshwa.

Sifa yake kubwa ilikuwa mabomba ya petroli. Magari ya zamani yana bomba jembamba la chuma linalotoka kwenye tangi nyuma, likapita chini ya gari mpaka kwenye injini. Huanza kuoza pale kwenye vishikizo, maana matope hujificha humo na unyevu hautoki. Mafundi wengi hukata kipande kilichooza wakaunga na mpira, basi. Taratibu alikuwa analitoa bomba zima, analilaza sakafuni, kisha anakunja jipya kwa mikono akilifuata la zamani kona kwa kona. Ukiyaweka pamoja ungedhani mapacha.

Halafu pua yake ikafa. Aliugua mafua makali, akapona kila kitu isipokuwa hiyo. Niligundua siku wali ulipoungua, harufu imefika mpaka kwa jirani, na bwana mwenyewe amekaa mlangoni mwa jiko anakata kucha.

"Usimwambie mtu," aliniambia. "Fundi asiyesikia harufu ya petroli, nani atampa gari?"

Alisema kweli. Petroli ikivuja kidogo huioni kwa macho. Inakauka kabla haijadondoka. Pua ndiyo inayokuambia. Na gereji ile, iliyokuwa ubavuni mwa nyumba yetu, ndiyo iliyotulisha na kutusomeshea watoto.

Tukabuni mbinu. Akimaliza kufunga bomba anawasha injini, anarudi chini ya gari, kisha anaita, "Mama watoto, chai!" Nami nachukua kikombe, naingia, nalizunguka gari polepole kama mtu asiye na kazi nyumbani kwake, kumbe nanusa. Harufu ya petroli iliyomwagika na ile inayovuja si moja. Nilizitofautisha kama sauti za wanangu. Nikiisikia ile mbaya nasema, "Chai inapoa, baba," naye anakaza upya. Kukiwa salama nasema, "Nimeweka hapa." Wateja walinisifu, eti huyu mke anampenda mumewe. Wangejua! Miaka minne tulifanya hivyo, na hatukukosea hata mara moja.

Sasa, asiyesikia harufu hasikii ladha pia. Jumapili moja wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kula kwetu. Mume wangu akaonja, akasukuma sahani, akasema mbele yake, "Siku hizi huyu anapika maji." Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Lo! Mimi! Mimi niliyeibeba siri yake miaka minne yote! Ningefungua mdomo, angeaibika yeye. Nikameza. Lakini nilinuna, na mimi nikinuna hata paka anahama.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa bado nimenuna. Mwalimu mstaafu, aliyewafundisha wanetu wote kusoma, alikuwa amesimama gerejini anasubiri gari lake, anasifu bomba jipya. Nikasikia kutoka chini ya gari, "Mama watoto, chai!"

Nikamimina. Nikafika mlangoni, nikaweka kikombe juu ya kigoda, wala sikuvuka kizingiti. "Nimeweka hapa," nikasema, nikageuka. Sitasema nilipitiwa. Maana ya maneno yale niliijua vizuri. Moyoni nilikuwa nasema: anayepika maji, pua ya nini?

Mwalimu alifika mtaa wa tatu tu. Petroli ilikuwa inachuruzika kwenye kiungo, ikidondokea bomba la moshi lililokuwa limepata moto. Akasimama, akafungua boneti aone kinachofuka, moto ukamlamba mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjuki mpaka leo.

Mume wangu alikwenda hospitali akasema mbele ya watu, "Ni mkono wangu huu. Nilikaza vibaya." Mwalimu akamsamehe palepale. Yeye mwenyewe hakujisamehe. Aligawa spana zake, akaanza kutengeneza baiskeli. "Baiskeli haina petroli," aliwaambia watu, wakacheka. Mimi nilipika, nikafua, nikanyamaza. Hasira hasara, tumeimbishwa tangu utotoni. Hawakutuambia kwamba hasara yenyewe inaweza kumwangukia mtu asiyehusika.

Miaka sita ikapita hivyo. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja na gari kuukuu la marehemu baba yake, bomba limeoza kabisa, akamsihi alibadilishe. Mume wangu akamwonyesha viganja vyake. "Hii mikono ilishakwisha, dada yangu."

Yule dada alipoondoka nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote huku nalia: sikunusa, hata ndani sikuingia, nilikuwa nimenuna.

Alikuwa anaziba tairi. Hakuinua macho. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mtu akiwa chini ya gari haoni kitu ila miguu. Niliiona yako, na zile ndala za bluu. Ilifika kizingitini ikageuka."

"Sasa kwa nini ukamwachia Mwalimu gari?"

Akaliweka lile tairi chini. "Alikuwa amesimama pale, mama. Ningekuita urudi, angeuliza hiyo chai ina nini. Nikaona aibu. Nikajiambia, mara moja tu, labda ni salama."

Mikono yake haikuwa na kosa la kumfukuzisha kazi. Fundi yeyote hufunga kiungo kikahitaji kukazwa tena, ndiyo sababu tulikuwa na ile chai. Tulimwunguza Mwalimu sisi wawili, mimi kwa kununa, yeye kwa kuficha, na kila mmoja akalala na lake miaka sita kitanda kimoja.

Jumamosi tulikwenda kwa Mwalimu kumwambia. Alifurahi mno kutuona. Kabla hatujafungua mdomo alisema tukae, tusiwe na haraka, akaingia jikoni mwenyewe. Akatuletea chai, kikombe kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.