Kinyozi aliyeitwa wodini, akafukuzwa, akarudi na mdomo uliofungwa

Saa mbili asubuhi. Katika wodi ya wanaume sakafu bado ina unyevu wa deki, na kinyozi ameinama juu ya kitanda cha tatu. Kidole gumba chake kinavuta shavu la mzee taratibu kuelekea sikioni, na wembe unashuka ukiacha njia safi katikati ya povu.

Mzee huyo ni fundi saa mstaafu. Wiki mbili zilizopita alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia, uliozoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, sasa unashindwa na kijiko. Ndevu zimemwota hadi mjukuu wake mdogo, alipoletwa kumwona, alijificha nyuma ya mama yake.

Kitanda cha nne amelala dereva wa lori, mguu wake umefungwa plasta. Anachovya vidole kwenye kikombe cha maji na kujipaka kidevuni. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," anasema, na wodi inacheka. Kinyozi hacheki. Akiwa na wembe mkononi hacheki, wala haongei.

Leo kimya hicho kina uzito wake. Ni siku ya mwisho ya miezi mitatu ya majaribio aliyopewa na Matroni, muuguzi mkuu wa wodi hii. Kabla ya saa sita ataambiwa ama aendelee kuwahudumia wagonjwa, ama arudishe kitambulisho chake cha muda na asikanyage tena hapa. Alishawahi kufukuzwa mara moja. Akifukuzwa mara ya pili, hakuna wa kumwombea msamaha.

"Jana chakula kilinishinda," alisema asubuhi, akipanga vifaa vyake kwenye trei. "Duka langu ni mkate wa watoto, sawa. Lakini hapa ndipo nilipoitwa. Wakinitoa, nitamwambia nini aliyeniita?"

Ana miaka arobaini na saba, na kazi ya unyozi ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Duka lake ni chumba kimoja chenye kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni. Nyuma ya pazia kuna cherehani ya mkewe, fundi wa nguo, ambaye husikia kila neno la wateja na kujifanya hasikii. Siku ya kawaida kinyozi hunyoa vichwa kumi na tano hadi ishirini. Jumanne duka hufungwa, na vichwa vyote vya siku hiyo huenda kwa jirani mwenye mashine mpya.

Tangu ujana alitaka kuhubiri. Aliomba nafasi chuo cha Biblia mara mbili, na mara zote mbili barua ilirudi ikisema elimu yake haitoshi. Basi akawa anahubiri mbele ya kioo chake kilichopasuka, huku mteja ameketi. "Walilipia kunyolewa," anasema mkewe, "mahubiri wakapewa nyongeza."

Wito, anasema, ulimjia kwa mlango asioutazamia. Miaka minne iliyopita baba yake alilazwa katika wodi hii hii, mapafu yamechoka. Wazee wa kanisa walipokuja kumwona, baba akajifunika shuka mpaka kichwani na kukataa kuonana nao. Kinyozi alidhani ni maumivu.

"Nikamuuliza, 'Baba, kuna nini?' Akaniambia, 'Mwanangu, wewe ni kinyozi, na mimi hapa nafanana na jambazi.' Niliona aibu mpaka nikatafuta pa kujificha. Wiki tatu nilikuwa nakuja na uji, na matunda, na maneno ya kutia moyo. Wembe wangu nimeuacha dukani."

Alirudi mbio akauchukua. Akamnyoa baba yake polepole, akampangusa kwa maji ya vuguvugu, akamshikia kioo. Mzee akajitazama upande huu na upande ule, akasema, "Haya, sasa waite wageni wangu."

Kinyozi alikuwa anakusanya vitu vyake aondoke, ndipo mgonjwa wa kitanda cha jirani, mtu asiyemjua kabisa, alipomtazama na kumuuliza: "Na mimi?"

"Wengine huitwa kwenye ndoto. Wengine husikia sauti mlimani. Mimi niliambiwa maneno mawili tu," anasema, na hapo macho yake yanalowa bila kuomba ruhusa. "Nilijua papo hapo nani ananiuliza. Siku hiyo niliwanyoa watu saba."

Baba yake alifariki miezi miwili baadaye, akiwa nadhifu. Mwana akaendelea kuja kila Jumanne, kwa nyembe alizozinunua mwenyewe. Kila mgonjwa wembe wake mpya, na ukishatumika unatupwa kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Wauguzi wakamzoea. Mkewe akamshonea aproni tatu za kubadilisha.

Shida ilianzia kanisani, na ilianza kwa nia njema, kama shida nyingi za kanisani. Mchungaji alimsimamisha mbele ya waumini, wakampigia makofi. Kisha mzee mmoja wa kanisa akauliza swali lililoonekana dogo: tangu aanze, wangapi wameokoka?

Jumanne iliyofuata kinyozi akaanza kutafuta jibu.

Akawa anapaka povu, anaweka wembe chini ya taya, halafu anauliza: "Ndugu yangu, ukifa leo utakwenda wapi?" Wagonjwa walijibu upesi kuliko alivyotarajia. Baada ya miezi mitano daftari lake lilikuwa na majina kumi na tisa, na kanisa likamshangilia kila mwezi. Wauguzi wakamtunga jina, Mchungaji Wembe, naye akalichukua kama sifa. Hakuna kwaya, hakuna vipaza sauti, na kila anayeulizwa anasema ndiyo.

Aliyeizima shangwe hiyo alikuwa mwalimu mstaafu, mgonjwa wa figo, jina la kumi na tisa kwenye daftari. Alimwandikia Matroni barua ya kurasa mbili, yenye aya zilizopewa namba. Aya ya tatu ilisema: "Mtu aliyewekewa wembe shingoni hana budi kusema amina. Hata mimi nilisema, nikaisema kwa sauti kubwa."

Matroni alimwita kinyozi siku hiyo hiyo na kumwonyesha mlango. "Nilikuwa na hasira," anakumbuka Matroni, mama wa makamo anayetembea haraka na kuongea taratibu. "Mgonjwa aliyelala hana pa kwenda. Hawezi hata kujifanya ana haraka."

Kinyozi alirudi nyumbani kama shujaa aliyeonewa. Alimweleza mkewe kwamba anateswa kwa ajili ya Bwana. Mkewe hakusimamisha cherehani.

"Baba watoto," alimwambia, "hukufukuzwa kwa ajili ya Bwana. Umefukuzwa kwa ajili ya mdomo wako. Usimsingizie."

Maneno hayo yalimkaa rohoni kwa wiki nzima. Akafanya jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni gumu kuliko kuhubiri: alitafuta anakoishi yule mwalimu, akaenda kuomba msamaha.

Mwalimu alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba aazimwe mkoba wa vifaa. Akampaka mgeni wake povu shavu zima, akachukua wembe, akauweka pale panapopiga mshipa wa shingo.

"Kijana," akasema, "unakubali kwamba mimi ndiye mwalimu bora kuliko wote waliopata kufundisha katika mji huu?"

"Nakubali, mwalimu."

"Umeamini kweli?"

"Nimeamini kwa shingo, mwalimu. Moyo bado."

Mwalimu akaweka wembe mezani, akacheka mpaka akakohoa. Kinyozi alicheka naye, kisha akajikuta analia, povu likimdondoka kifuani. "Sikuyakataa maombi yako," mwalimu akamwambia. "Ulininyima nafasi ya kuyakataa. Asiyeweza kukataa hawezi kukubali pia."

Usiku huo kinyozi alichana ile karatasi ya daftari yenye majina kumi na tisa. Asubuhi akamwandikia Matroni barua ya kuomba kurudi. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, na ya tatu, na kila barua ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Ya sita ilikuwa na mstari mmoja: "Nitanyoa tu." Ilimchukua mwaka mzima na miezi kadhaa kufika hapo.

Matroni alimpa miezi mitatu, kwa sharti kwamba asitaje habari za dini mpaka mgonjwa aanze mwenyewe. Kinyozi akajiongezea sharti la pili, ambalo hakuombwa. Hata mgonjwa akianza mwenyewe, yeye hatajibu akiwa na wembe mkononi.

Ndiyo maana leo, kitanda cha tatu, mambo yanapopamba moto, wodi nzima inageuza shingo.

Shavu moja la fundi saa limeshakamilika, la pili lina povu, mara mzee anafungua macho. Ulimi wake ni mzito tangu ule ugonjwa, lakini maneno yanatoka. "Kinyozi. Niombee."

Dereva wa lori anaacha kujipaka maji. Matroni, ambaye amesimama mlangoni na faili mkononi, hasogei.

Kinyozi anainua wembe mbali na ngozi. "Nimekusikia, mzee," anasema. "Ngoja nimalize upande huu. Ukiwa bado unataka, utaniambia."

Anamaliza. Anautupa wembe kwenye kisanduku, anavua glavu, anampangusa mzee kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, anafunga mkoba na kuusukuma chini ya kitanda. Kisha anavuta kiti nyuma hatua moja na kumshikia kioo. Halitaji tena lile ombi.

Fundi saa anajitazama kwa muda mrefu. "Nimebadili mawazo," anasema. "Chai kwanza."

"Haya, chai," anasema kinyozi. Sauti yake haina kinyongo hata chembe. Anakwenda kuichukua, anaipoza kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kingine, na kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Wanaongea habari za saa. Mzee anamweleza jinsi saa ya ukutani inavyochelewa ikining'inizwa upande. Chai inafika nusu.

"Sasa," anasema fundi saa.

Sala yenyewe haimalizi dakika. Kinyozi anamshika mkono ule wa kulia, usio na nguvu, na kuomba kwa sauti ndogo kiasi kwamba dereva wa kitanda cha nne baadaye alilalamika kuwa hakusikia kitu. Mzee anasema amina. Anaisema polepole, kwa taabu, na hakuna aliyemsogezea chochote shingoni.

Matroni anaingia ofisini na kumwita kinyozi. Mlango unabaki wazi, na wagonjwa wanaacha hata kukohoa.

"Nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na sita," anamwambia. "Nimeona watu wengi wanaokuja kuwaombea wagonjwa. Mtu aliyeambiwa 'chai kwanza' akaenda kuleta chai, ni wewe wa kwanza."

Anafungua droo na kutoa kitambulisho kipya. Kina picha, kina mhuri, na hakina tarehe ya mwisho. Anamvika kinyozi shingoni kwa mikono yake, kisha anaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba wodi nyingine tano zimeomba huduma hiyo hiyo.

Kinyozi anarudi wodini akiwa ameshika kile kitambulisho kwa mikono miwili. Dereva wa lori anaanza kupiga makofi, kitanda cha kwanza kinafuata, na wenye mkono mmoja tu mzima wanapiga kwenye godoro. Muuguzi mmoja anapiga kigelegele, Matroni anamtazama kwa jicho kali, halafu naye anatabasamu.

Habari zilimtangulia nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, uzi wa kushonea ungali mdomoni. Alikisoma kitambulisho upande wa mbele na wa nyuma. "Sasa huyu ndiye anayefanya kazi ya Bwana," alisema, akaingia ndani upesi ili asionekane uso.

Jumapili ijayo kanisa litamwekea mikono na kumweka wakfu kwa huduma ya wagonjwa. Mchungaji anakiri kwamba wao nao wana deni la kutubu. "Tulimdai hesabu ya roho, na hesabu hiyo si yetu," anasema. Amempa kinyozi dakika kumi za mimbari, ile mimbari aliyoililia tangu ujana.

Kinyozi anasema dakika mbili zitamtosha. Atazitumia kutafuta vinyozi watano wa kujitolea, mmoja kwa kila wodi, na msusi yeyote atakayekubali kwenda kwa akina mama. Atawafundisha mwenyewe dukani kwake, siku za Jumamosi. Somo la kwanza litakuwa namna ya kumnyoa mtu asiyeweza kugeuza kichwa. Somo la pili ni kunyamaza, na hilo, anaonya, huchukua muda mrefu zaidi.

Akiulizwa kwa nini ana haraka ya kupata wengine wakati mikono yake bado ina nguvu, anajipapasa kidevu.

"Kinyozi hajinyoi," anasema. "Siku moja nitalala mimi kwenye kitanda kile. Nataka aje mmoja wao aninyoe vizuri, anifute uso, kisha aweke wembe chini na asubiri. Kama nitataka kuombewa, nitamwambia mwenyewe."