Mama Mkwe wa Mama Liu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika makao ya wazee huko Brooklyn Park, muuguzi mkuu alinipa aproni na glavu, akanipeleka kwa mzee aliyekataa kuoga. Nikaanza kumbembeleza. Muuguzi mkuu akaninyamazisha kwa mkono, akamuuliza mzee tuanze na mkono gani. Mzee akainua wa kushoto, tukaanza.

Ninyi mnaoingia kazini sasa mmekuta mashine za kuinulia wagonjwa. Sisi tulitumia shuka la kuvutia, yaani shuka dogo linalotandikwa chini ya kiuno, watu wawili wanalivuta pamoja ili ngozi ya mgonjwa isichubuke. Mgongo wangu ulipochoka na shuka hilo, nilihamia kampuni ya huduma za nyumbani. Msimamizi wa huko alikuwa mtu wa maneno machache. "Utakayoyasikia kwa mgonjwa yaishie mlangoni kwake," aliniambia.

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Liu, katika ghorofa moja Saint Louis Park. Binti yake, Hua, alikuwa mfamasia, na asubuhi akienda kazini Bloomington mimi ndiye niliyebaki na mama yake. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kujifunza ukubwani, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake haya.

Kila asubuhi nilikagua nyayo zake, maana mwenye kisukari anaweza kujikata asihisi. Ukutani ilikuwapo picha ya mwanamke mzee aliyevaa viatu vidogo kama vya mtoto. Hua alikuwa ameniambia huyo ni nyanya yake, mama wa marehemu baba yake. Siku moja, nikiwa nimeshika mguu wa Mama Liu, nilimuuliza ilikuwaje miguu ya mkwe wake ikawa midogo vile.

Alinieleza kwamba kwao Uchina wasichana wa wakati ule walifungwa miguu kwa vitambaa tangu utotoni hadi mifupa ikakunjika, ili wapate waume. Kisha akatazama mlango, ingawa Hua alikuwa kazini. Yule hakuwa mama wa baba yake Hua, alisema. Alikuwa mama wa mume wake wa kwanza.

Sikuwa nimejua kwamba alikuwapo mume wa kwanza. Nikavuta kiti.

Mama Liu alipelekwa katika nyumba ile akiwa mtoto, akalelewa hapo ili aje aolewe na kijana wao. Kijana alipokuwa mume wake, akawa anampiga. Kisha Wakomunisti wakashika nchi, na ofisa mmoja mwanamke akaja kijijini kwao. Aliwakusanya wanawake uani akawaeleza sheria mpya ya ndoa: hakuna msichana wa kuozwa bila ridhaa yake, na mke anaweza kuomba talaka. Mama Liu alidhani wanataniwa. Hata hivyo alikwenda ofisi ya wilaya. Mwanamume aliyekuwa mezani akamwambia arudi akapatane na mumewe. Sheria ilikuwa upande wake, aliniambia, lakini mezani alikaa mtu yuleyule wa zamani.

Akarudi tena mara ya pili. Akiwa bado anajieleza, mama mkwe wake akaingia, amekuja kwa miguu ile akiegemea fimbo. Mama Liu alijua amekuja kumrudisha nyumbani.

"Mwanangu anampiga," mama mkwe akamwambia yule ofisa wa mezani. "Nimeona kwa macho yangu. Mpeni talaka, na mimi nitaondoka naye."

Ofisa akauliza nani atamtunza akimwacha mwanawe. Akajibu kwamba aliyekuwa akimtunza siku zote ndiye huyo amesimama hapo.

Talaka ikatolewa, wakahamia mjini wote wawili. Mama Liu akasomea ukunga wa kisasa, na somo la kwanza lilikuwa kuchemsha mkasi kabla ya kukata kitovu, kwani watoto wengi walikufa kwa pepopunda. Miaka mingi baadaye aliolewa tena na kumzaa Hua. Mume huyo alifariki Hua akiwa mchanga, na mtoto akalelewa na mwanamke wa kwenye picha.

Nilimuuliza kama basi sheria ile ilikuwa njema. "Ilinitoa kwenye kipigo," alisema. "Lakini walipotuita mashambani, hata sisi wa mjini, sawa na wanaume, tuliporudi, maji na jiko vilitusubiri sisi." Halafu ikaja njaa. Hiyo hakutaka kuisimulia, nami sikumsukuma.

Hua alinibana kila mara nimwambie tunazungumza nini. Nikamjibu amuulize mama yake. Mama Liu naye aliogopa binti ataona habari ya nyanya yake ilikuwa uongo. Nilimwambia Mama Liu kwamba Hua anaendelea kuuliza, na siku moja hatakuwapo wa kumjibu.

Akamwambia Jumamosi moja. Mimi nilikuwa nakunja nguo, na Kichina sikielewi, ila nilimwona Hua akiketi sakafuni kando ya kiti cha mama yake. Aliuliza swali moja tu. Akinisindikiza hadi kwenye lifti, alinieleza alichouliza.

"Nilitaka kujua kama nyanya alijua mimi si damu yake," alisema. "Mama amesema ndiye aliyenipokea nilipozaliwa."

Ni Hua aliyenipa ruhusa ya kuyasimulia haya, baada ya mama yake kuaga dunia.

Sasa nimestaafu, naishi kwa mwanangu. Wiki iliyopita mkewe, Kemunto, alinipeleka dukani. Kwa udadisi tu nikamuuliza: akimwacha mwanangu, mimi atanichukua?

Aliingiza gari maegeshoni. "Nani amekuambia, Mama?" akauliza.

Hakuna aliyeniambia, na nilimjibu hivyo. Akazima gari. Hatukushuka. Akanieleza anavyofanya shifti mbili hospitalini, akirudi anakuta vyombo, watoto na mume anayesubiri chakula. Sikumtetea mwanangu. Niliahidi kusema naye siku ileile, Kemunto akiwapo, na nikamwambia kwamba lolote atakaloamua, mimi nitabaki mama yake. Alinishika mkono, na dukani tukaingia baadaye sana.