Mkalimani wa Mama

Mama yangu alijua Kiswahili vizuri kabisa. Aligombana kwa Kiswahili, alipatana bei ya nyama kwa Kiswahili, na alipowashonea watoto wa mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, sare za shule alijibizana na mama zao bila kukwama popote. Lakini akishika maikrofoni alihubiri kwa Kikamba, na mimi nikasimama ubavuni mwake kumtafsiria, sentensi kwa sentensi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mahubiri ya nje miaka ile ya mwanzo wa tisini. Mhubiri mwenye mkalimani alionekana mzito. Anasema kidogo, ananyamaza, anapangusa uso kwa leso, na wewe unahangaika kutafuta maneno huku watu wakikutazama.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninangoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Kila Jumamosi mchana tulikuwa uwanjani kando ya soko. Wanasiasa walioitisha mikutano siku hizo walitawanywa kwa marungu, lakini sisi tulipewa kibali bila shida. Spika zilifungwa juu ya pikapu ya mzee mmoja wa kanisa, stima ikavutwa kutoka saluni ya jirani, na mtaa mzima ukahubiriwa, upende usipende. Nasema upende usipende kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wakazi.

Mama mwenyewe hakungoja Jumamosi. Alihubiri kwenye foleni ya zahanati, ofisini kwa chifu, na kwenye matanga ya watu asiowajua. Nilimwonea aibu na nilimwonea fahari, yote mawili kwa pamoja, na mpaka leo sijui lipi lilizidi. Aliyemlenga zaidi alikuwa mwenye duka ng'ambo ya uwanja, Mwislamu wa Pwani aliyeishi pale na mkewe na binti yao tangu kabla sisi hatujahamia. Kila asubuhi mama alinunua maziwa na mkate, na kabla ya kuondoka alimtupia swali.

"Mzee, ukifa leo utaenda wapi?"

"Nikifa leo, mama, kesho maziwa utanunua wapi?"

Wakacheka wote wawili, na kesho yake wakarudia. Mzee yule alikuwa muungwana. Ramadhani ikifika mkewe alituletea sahani ya kaimati zilizolowa shira ya sukari, na Krismasi sisi tulipeleka chapati na soda, maana nyama yetu tulijua hawataila. Kama mama angeishia kwenye maswali ya asubuhi, nisingekuwa na la kuandika.

Binti yao alikuwa rika langu. Mchana alikaa dukani badala ya baba yake, nami niliegemea kaunta tukapiga gumzo mpaka wateja wakalalamika. Siku moja aliniuliza, bila kunitazama, huku akipanga sabuni, "Hayo unayotafsiri Jumamosi, wewe mwenyewe unayaamini ama unasema tu?"

Nikamwambia ninayaamini.

"Basi nipe kitabu nisome mwenyewe. Mamako anapiga kelele sana, sisikii vizuri."

Nilimpa Injili ndogo, ile ya kugawa bure. Sikumhubiria, na mama hakumhubiria. Alisoma peke yake kwa miezi, akauliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, akasoma tena. Kisha mchana mmoja alikuja kwetu, akapiga magoti kwenye sakafu iliyojaa vipande vya kitambaa cha sare, akaomba na mama. Mama alilia. Nililia na mimi. Halafu yule binti akamshika mama mkono, akasema jambo moja.

"Mama, nakuomba hili libaki hapa. Baba nitamwambia mimi mwenyewe. Namjua, nitajua siku ya kumwambia. Lakini akilisikia kwa watu, wallahi nitakuwa sina nyumba."

"Sawa, binti yangu," mama akasema. Nilikuwa nimeketi karibu yao. Alisema sawa.

Sasa, asiyelijua kanisa letu huenda akadhani mama alikuwa mbaya tangu mwanzo. Hakuwa. Ila kwetu kila Jumapili watu walisimama kushuhudia ni nani wamemleta kwa Bwana wiki ile, na aliyesimama mikono mitupu alikaa chini taratibu sana. Mama alikuwa mtu wa kusimama. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amemchokoza mbele ya wenzake kwamba mahubiri yote ya dukani hayajazaa hata nusu mtu. Juu ya hayo tulifundishwa kwamba anayeamini kwa siri anamwonea Yesu haya, na kwamba kumtangaza ni kumsaidia, ni kumfungua. Mama aliyabeba hayo yote kifuani akiwa na habari ambayo ingewanyamazisha. Alijizuia kwa wiki kadhaa. Nilimwona akijizuia, na nikajidanganya kwamba ataweza.

Jumamosi hiyo uwanja ulijaa. Mama alikuwa na moto kuliko kawaida, na mimi nilikimbizana naye, sentensi kwa sentensi. Akafika mahali pa kusema Mungu hashindwi na mtu yeyote. Nikatafsiri. Akasema hata kwenye nyumba ambazo jina la Yesu halitajwi, Yesu huingia. Nikatafsiri, nikatupa jicho dukani. Ng'ambo, rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na leso yake kichwani, na baba yake nyuma yake akipima sukari.

Ndipo mama akaisema kwa Kikamba. Akasema binti wa duka lile ameokoka, na ameomba naye nyumbani kwetu.

Wakamba waliokuwa uwanjani wakaanza kugeuza vichwa, lakini hawakuwa wengi. Ilibaki mimi. Nikavuta pumzi, nikasema kwa Kiswahili, "Hata katika mtaa wetu huu, Mungu anaendelea kuokoa watu."

Mama akanigeukia. Alijua Kiswahili vizuri kabisa, nimeshasema. Alinitazama kwa mshangao kwanza, kisha kwa ghadhabu ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, hata siku baba alipotuacha akarudi kwao. Akatabasamu kwa ajili ya watu.

"Mkalimani wangu leo amechoka," akasema kwenye maikrofoni. "Ngoja niwaambie mwenyewe. Mnaliona duka lile? Binti anayewauzia mkate ameokoka! Baba mwenye duka, usikasirike, furahi pamoja nasi!"

Wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele. Mama wa kwaya akarukaruka, yuleyule. Mzee alimaliza kupima sukari, akaifunga kwenye karatasi, akamkabidhi mteja kwa mikono miwili. Kisha akamwingiza binti yake ndani, akafunga ubao mmoja wa mlango, akafunga wa pili, na jua bado lilikuwa juu. Watu wengi walikuja mbele kuokoka siku ile. Mama aliwawekea mikono mmoja mmoja, na sikumsikia akiuliza habari ya duka.

Jumatatu mama yake rafiki yangu alikuja kwetu. Hakuketi.

"Dada," akamwambia mama, "mimi nilijua. Kile kitabu nilikiona chini ya godoro, nikakirudisha palepale. Baba yake naye alijua. Alimkuta akiomba, akageuka akaenda zake, hakuniambia na sikumuuliza. Mtoto ni mmoja. Tulikuwa tunaishi naye hivyo, kila mtu amenyamaza, tukingoja aseme mwenyewe. Lilikuwa jambo la nyumbani. Sasa wewe umelifanya la soko. Mume wangu akienda msikitini anaulizwa. Atajibu nini? Kwamba alijua?"

Mama alimjibu kwa mstari wa Biblia. Hata sikumbuki mstari gani. Nakumbuka yule mama alisubiri mpaka mstari ukaisha, kwa adabu, akasema haya, akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye lango kutaka kumwomba radhi, akanipapasa shavu, akaniambia, "Wewe nilikusikia, mwanangu." Nilirudi ndani nikiwa na hasira ya kuvunja vyombo.

Mzee hakumpiga binti yake. Nalisema wazi kwa sababu baadaye ilisemwa vingine. Alimwambia ataenda Pwani kwa shangazi yake mpaka maneno ya watu yapoe. Rafiki yangu aliogopa kwamba yakipoa ataozwa hukohuko na Nairobi hataiona tena, na huenda aliogopa bure, sijui. Alichukua nguo zake kwenye mfuko, akaja kwetu. Mama alimpokea kwa machozi ya furaha. Kabla wiki hazijawa nyingi duka likauzwa kwa mtu mwingine, na wazazi wake wakahama bila kuaga mtu. Rafiki yangu aliamka asubuhi moja akaona mtu asiyemjua akipanga mikate mahali pake.

Kanisa lilimpenda sana mwanzoni. Kila Jumamosi walimpandisha kwenye pikapu atoe ushuhuda. Alisimama pale, akasema kwa sauti ndogo kwamba alisoma kitabu akaamini, kisha akarudisha maikrofoni. Hiyo haikuwatosha. Walitaka jambo la kuwatoa watu machozi. Mzee mwenye pikapu alimwita pembeni nikiwa nasikia.

"Dada, waambie vile babako alikuchapa."

"Baba hakunichapa."

"Sasa ulitoka kwenu aje?"

"Nilitoka kwa sababu ya spika zenu," akamwambia.

Hakupandishwa tena. Baada ya hapo wakaanza kunong'ona kwamba moto wake umepoa, kwamba labda alitumwa, kwamba mbona bado anajifunga leso kichwani. Waliomwahidi kazi wakasahau. Mama, aliyekuwa akimwita tunda langu mbele ya watu, sasa alimwonyesha vyombo ambavyo havijaoshwa. Nilimtetea, tukagombana na mama mpaka majirani wakagonga ukuta, na kila ugomvi uliishia pale pale. Mama alisema alichofanya ni ujasiri, na ujasiri una gharama. Nilimuuliza ni gharama gani yeye amelipa. Alikuwa bado na mume? Hapana, lakini hakumpoteza siku ile. Cherehani yake ilikuwapo, wateja walikuwapo, kiti chake cha mbele kanisani kilikuwapo, tena kilikuwa kimesogezwa mbele zaidi. Alisema nina roho ya ubishi, na akaniombea kwa sauti kubwa.

Rafiki yangu aliondoka kwetu mimi nikiwa nimeenda mjini kutafuta kazi. Hakuacha ujumbe. Alikuwa ameosha vyombo vyote.

Nilikoma kutafsiri. Mama alipata mkalimani mwingine, msichana mtiifu asiyeruka neno, na ushuhuda wa binti wa duka uliendelea kutolewa bila binti mwenyewe. Uliponifikia mara ya mwisho, ulikuwa na baba mwenye panga na msichana aliyeruka dirisha. Watu walilia sana.

Nilimwona rafiki yangu tena mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, huko mtaa wa Lucky Summer, nilikokwenda kuchukua mzigo wa vitambaa. Alikuwa na kibanda cha kukaanga viazi, amenenepa kidogo, hana leso kichwani. Alinitambua kabla sijamtambua. Aliniletea kigoda, akaniwekea viazi, akakataa nisilipe. Tuliulizana habari kama watu waliosoma pamoja. Wazazi wake walikuwa Pwani. Mama yake humtumia salamu kupitia watu. Baba yake, alisema, husikiliza salamu hizo zikitolewa, hazikatazi, lakini yeye mwenyewe hatumi. Alilisema hilo huku akigeuza viazi, na nilijua ni hilo tu analolitaka duniani, salamu moja ya baba yake, na kwamba hangeipata.

Kulikuwa na jambo lililonikaa kooni miaka yote hiyo. Nililiuliza kwa sauti ya chini ingawa hakukuwa na mteja karibu.

"Bado unaomba?"

Akaweka kijiko kando, akanitazama vizuri, bila chuki yoyote. Nadhani chuki ingekuwa nafuu.

"Naomba sana," akasema. "Lakini namwomba nani, na kwa jina gani, hilo sikuambii. Wewe una mama, na mama yako ana maikrofoni."

Nilimaliza viazi. Nilimshukuru, nikachukua mzigo wangu. Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye cherehani, ameweka uzi mdomoni. Akaniuliza mbona nimechelewa, nilikuwa na nani. Nikamwambia sikuwa na mtu.