Siku Wageni Walipozoa Nyasi za Ngolo

Kama kuna mtu pale Kitura aliyetamani kujua hasa watu wa ofisini wanatafuta nini shambani, ni Ottilia. Mama huyu wa miaka sitini na mbili hana dogo kwa maswali. Padri mwenyewe akimwona anakuja huanza kupanga majibu. Ndiye msimamizi wa shamba la kikundi chao, kinachowapikia watoto wa chekechea uji na maharage. Mfadhili wao ni kampuni moja ya Dar es Salaam, na kila Machi wafanyakazi wake huja kujitolea siku nzima.

Katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu Cleopa, alimwonya mapema. "Mama Ottilia, leo hakuna maswali. Hawa wakiondoka na kinyongo, wafadhili tutawasikia redioni."

Basi Ottilia akawatazama tu. Walishuka kwenye basi watu ishirini, fulana za njano bado zina mikunjo ya dukani. Bwana mmoja alivaa viatu vyeupe. Vyeupe, kwenye udongo wa Umatengo, mwezi wa tatu! Ottilia akajikaza asiulize. Kiongozi wao, dada mchangamfu aitwaye Sekela, alimpa shikamoo kwa magoti, kisha akaomba kazi. Mwalimu Cleopa akawaonyesha shamba kwa kidole, akaenda kupanga viti. Ottilia naye akaenda kutazama maharage motoni.

Aliporudi, shamba lilikuwa jeupe pe, halina hata unyasi.

Wiki mbili nyuma wanaume wa kikundi walifyeka nyasi, wakaziacha zikauke, na juzi yake wakazipanga kwa mistari inayokatana, miraba miraba, mteremko mzima. Hiyo ni kazi ya wanaume. Kesho wanawake wangeingia na majembe, wachimbe shimo katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo wake, maharage yapandwe juu. Hiyo ndiyo ngolo. Nyasi zinaoza kuwa mbolea, shimo linayashika maji. Bila nyasi hakuna ngolo, na bila ngolo mvua mbili tu zingeupeleka udongo mtoni pamoja na chakula cha watoto.

Wageni walikuwa wamezizoa zote na kuzirundika kando ya barabara. Bwana wa viatu vyeupe alikuwa ameshika kiberiti. Wenzake walipiga picha, wakilinganisha na zile za asubuhi.

Mwalimu Cleopa akamshika Ottilia mkono. "Nyamaza. Tutafyeka nyingine wakiondoka."

"Wapi? Bonde zima tumelimaliza."

"Basi tushukuru tu, mama. Tushukuru."

Ottilia alikuwa na hasira, tusifichane. Lakini alitaka zaidi kujua. Akawaendea.

"Baba, weka kwanza hicho kiberiti. Hebu niambieni, mlidhani ni nini?"

Wakatazamana. "Takataka, mama," Sekela akajibu. "Tuliona nyasi kavu zimetapakaa."

"Zimetapakaa kwa mistari?"

Sekela akaligeukia rundo la nyasi. "Kweli nilishangaa mbona zimenyooka vile. Lakini sikuuliza. Tulitaka mkute kazi imekwisha."

Hapo Ottilia akaangua kicheko, hasira ikamtoka. "Mwanangu, mimi ni wa Kihagara, kule ziwani. Ngolo sikuijua. Wiki ya kwanza ya kuolewa huku nilizibeba nyasi za baba mkwe nikawatandikia mbuzi. Nikakaa nikingoja kusifiwa!"

Akawapeleka shamba la jirani, akawaambia waingize mikono kwenye tuta la mwaka jana. Bwana wa viatu vyeupe alizamisha mkono hadi kiwiko, akautoa na udongo mweusi, wa baridi, akaunusa. Aliuliza maswali mpaka Ottilia akajiona kapata ndugu. Kisha wakazirudisha nyasi, mzigo kwa mzigo, wanaume wa kikundi wakielekeza. Hadi saa tisa miraba ilikuwa imerudi, mingine imepinda kabisa, lakini ilikuwa miraba, na kesho ingechimbika.

Wakati wa kula Sekela hakugusa sana chakula chake.

"Miaka minne nazunguka vijijini na fulana hizi," alisema. "Kila mahali wanatupigia makofi. Sasa najiuliza walikuwa wanapigia nini. Hapa kwenu je, Mwalimu? Mwaka jana walikuja wenzangu."

Ottilia alimgeukia Mwalimu Cleopa.  Mzee akaisogeza sahani yake kando.

"Lile jiko walilotujengea," akasema, "moshi wote unarudi ndani. Tunafugia kuku."

Sekela hakucheka. Aliweka sahani chini, akasimama.

"Naomba nikalione."