Shangazi Hurudi Peke Yake

Mume wangu watu walimwita Mzee Kope, na jina lenyewe alijitakia. Kila aliyekuja kwetu kununua kondoo alimkuta amemkamata mmoja kidevu, amemvuta kope ya chini kwa kidole gumba, anatazama rangi ya ndani. Nyekundu, huyo mzima. Iliyofifia, mchunge. Nyeupe, minyoo imeshamnyonya damu, mpe dawa leo hii la sivyo kesho unachimba shimo. Mazoea yakamwingia mpaka akawa anawatazama na watu. Mkwe wetu alipokuja kutusalimia mara ya kwanza, hakuulizwa kazi wala nini, alivutwa kope. "Huyu mzima," baba, ndivyo nilivyomwita mume wangu, akatangaza, na binti yangu nusura azimie kwa aibu.

Nasimulia haya nacheka, ila msidhani yameniisha.

Kondoo wetu ni wa nywele. Hawana sufi ya kunyoa. Manyoya yao mafupi kama ya mbuzi, na joto likizidi yanapukutika yenyewe na kubaki yamenasa kwenye waya wa ua. Alipoanza kuwafuga, ndugu zake walicheka hadi wakashika mbavu. Kondoo gani hawa, hata wenyewe hawajui kama ni kondoo? Akaendelea kuwafuga. Alikuwa na kichwa kigumu yule, sijapata kuona. Kumbe kondoo wale wananenepa kwa majani makavu, wanazaa pacha bila kumsumbua daktari, na nyama yao haina ile harufu nzito inayowakimbiza walaji. Wenye mabucha wakaanza kupiga simu wenyewe, na ndugu wakaanza kutusalimia vizuri.

Dume la mbegu lilikuwa habari nyingine. Hakuuza mpaka aende akaone litakapolala. Kuna bwana mmoja alikuja na gari linang'aa, baba akamkatalia kwa sababu zizi lake lilikuwa tope tupu. Na kama uliwahi kununua majike kwake, ukirudi kutaka dume la ukoo uleule, atakufokea: "Unataka wazae vilema?" Nami nikimwambia anafukuza wateja, ananiambia nikachemshe chai.

Madume mengine yalihasiwa, yakanona, yakaenda machinjioni. Hapo ndipo anapoingia Shangazi.

Kondoo ukimsukuma anagoma. Ukimwekea mwenzake mbele, anafuata. Kwa hiyo baba alimchukua jike mmoja mwekundu mwenye kichwa cheupe, tasa, akamfundisha kazi. Anapanda lori pamoja na wenzake. Kule machinjioni kuna kichochoro cha mbao, chembamba, kinaingia ndani. Shangazi anasimama pale mdomoni, anawapa wenzake mgongo, anangoja watulie. Kisha anaanza kutembea polepole, hageuki nyuma, nao wanamfuata kama wamelogwa. Karibu na mwisho kuna kijimlango cha pembeni. Anachomoka hapo, wenzake wanaendelea. Anazunguka nje mpaka kwenye lori, anatia pua kwenye kiganja cha baba, anapewa konzi ya pumba. Halafu anarudi nyumbani amesimama peke yake kwenye lori tupu. Tulimwita Shangazi kwa jinsi alivyotangulia, ungedhani anawapeleka wapwa zake harusini.

Mimi sikumpenda, nasema wazi. Kondoo akitengwa na wenzake hulia siku nzima. Yule alikuwa anarudi kutoka kule, anakunywa maji, anacheua.

Mwaka ule wa mvua nyingi niliugua. Homa ikatoka, kikohozi kikabaki, nguo zikaanza kunipwaya. Kila asubuhi, kabla hata hajaniuliza nimeamkaje, baba ananivuta kope.

"Umepauka, mama."

"Niache bwana, mimi si kondoo wako!"

"Kondoo wangu hawabishi hivi."

Akawa ananinunulia maini, ananikalia hapo mpaka nimalize sahani. Yeye anasukumia mkate kwa chai, anasema meno yanamsumbua. Kutoka zizini hadi jikoni ni pua na mdomo, lakini siku hizo alikuwa anasimama katikati ya njia, ameshika kiuno. Nikimuuliza, anasema viatu. Nami nikaamini viatu, maana akili yangu yote ilikuwa kifuani kwangu.

Basi mchana mmoja tuko mezani, mlango wa jikoni uko wazi. Mvua ilikuwa imekatika, na uani kumetulia kwa namna ambayo sikuipenda. Hata kuku hawakusikika. Nikainua macho, nikamwona Shangazi amesimama kizingitini.

"Ala! Huyu kafunguliwa na nani?"

Shangazi alitutazama, kisha akageuka taratibu, akatupa mgongo, akasimama kimya. Anangoja. Baba akaacha kutafuna. Baada ya kitambo yule kondoo akaanza kutembea polepole kuelekea lango kubwa, hageuki nyuma. Alipofika langoni akasimama, halafu akarudi kando ya zizi kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikwenda kulitazama zizi. Komeo lilikuwa limefungwa, na mti wa kuzuia uko mahali pake.

Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Tukifunga mlango, tunazisikia kwato kwenye saruji, zinasimama. Tukifungua, tunaukuta mgongo. Haukuwa msimu wa kupukutika, lakini kizingiti kilijaa nywele nyekundu. Nafagia asubuhi, mchana ziko palepale. Baba akahamisha kiti chake, akawa anakaa kati yangu na mlango, kunikinga.

Siku hiyo aliyohamisha kiti alisema, "Anakutaka wewe."

"Kondoo anataka nini zaidi ya pumba?"

"Mama, nimemfundisha mwenyewe. Najua akisimama hivi maana yake nini."

Nikaogopa kufa, niliogopa kweli, na nikamwambia. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

"Huendi popote," akasema. "Anakwenda yeye."

Asubuhi dereva wa lori alipofika alishangaa. "Shangazi peke yake? Sasa nani atatangulia, mzee?"

"Pakia, wewe," baba akamjibu.

Walitaka nibaki nimelala. Nikapanda mbele, nikaketi kati yao, nikawaambia anayetaka kunishusha ajaribu. Nyuma yetu Shangazi hakutoa sauti njia nzima.

Machinjioni alishuka mwenyewe, akaenda mpaka kwenye mdomo wa kichochoro. Akageuza mgongo, akangoja. Hakukuwa na kondoo nyuma yake. Tulikuwepo sisi tu. Dereva na mchinjaji wakasukuma, wakavuta masikio, wakainua mkia. Wapi! Miguu minne imekita chini. Mchinjaji akajifuta jasho, akacheka. "Huyu amezoea kufuatwa, hajui kufuata."

"Mwacheni," baba akasema. "Atanifuata mimi."

Akampita, akaingia kichochoroni. Akasimama, akampa mgongo, akangoja. Nikauona mgongo ule kama naona wa mtu mwingine. Shati limening'inia, mabega yametoka mifupa. Amekonda lini huyu, nami nalala naye kitanda kimoja? Akaanza kutembea polepole. Shangazi akamfuata, kwato zinagonga mbao moja moja.

"Baba!" nikaita.

Hakugeuka. Alinyanyua mkono mmoja tu, kama kusema nakuja, akapotea gizani. Mchinjaji akazunguka kwenda upande wa pili kumpokea kondoo. Mimi na dereva tukabaki tumeegemea lori, tunasikiliza kwato. Zikanyamaza.

Kijimlango cha pembeni kikalia. Shangazi akatoka.

Akazunguka kama kawaida yake, hana haraka. Akampita dereva, akaja moja kwa moja kwangu, akatia pua kwenye kiganja changu, akawa anatafuta pumba.

"Mzee yuko wapi?" dereva akauliza.

Nilikimbia. Na kifua changu kibovu kile nilikimbia, kiatu kimoja nikakiacha mlangoni. Upande wa pili mchinjaji alikuwa amesimama na kisu chake, anangoja, hakuna aliyemfikia. Baba alikuwa katikati, pale kijimlango kinapoachana na njia, ameketi chini, ameegemea mbao. Konzi ya pumba iko mkononi, haikumwagika hata punje. Nikamwita kwa majina yote, hata lile la ujana wetu. Kisha nikampigia magoti, nikamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akinifanyia kila asubuhi.

Nyeupe. Nyeupe pe, kana kwamba damu haijawahi kupita pale.

Nikapiga ukelele. Miezi yote ile anazitazama kope zangu, ananilisha maini, anajikalisha mbele yangu kunikinga na mlango, na hakuna mtu hata mmoja aliyemshika kidevu akazitazama za kwake. Mimi mkewe sikuzitazama.

Mimi nilipona. Kondoo nawauza mwenyewe, na wanunuzi wamenizoea ukali. Dume la mbegu silitoi kabla sijaona zizi. Wakwe, watoto, wajukuu, kila anayeingia kwangu navuta kope, na wasicheke.

Shangazi yuko. Alirudi nyumbani siku ile ile, amesimama peke yake nyuma ya lori, na tangu hapo sijapata bucha la kumpokea. Hajanipa mgongo tena. Kila mchana anakuja jikoni na uso wake, komeo liwe limefungwa au wazi, anatia pua kwenye kiganja changu, anangoja. Majani nampa, maji nampa, hata chumvi namwekea. Konzi ya pumba sijampa, na yeye hajaacha kuja kuidai.