Mlango wa Kabati la Joto

Usiku ule nililala na hasira, hata chakula sikuonja. Seli za Rehema zilikuwa zimekufa tena, mara ya tatu, na maabara nzima ilimwangalia yeye.

Mimi naosha vyombo katika maabara ya chuo. Niliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe si cha kumwonyesha mtu. Lakini kazi naipenda, na Rehema nampenda zaidi. Anasoma shahada ya pili, na shahada yote hiyo imekalia jambo moja: achukue seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, azilee mpaka ziwe seli za neva kama hizi za ubongo. Anatafuta mitokondria, yale majiko madogo yaliyo ndani ya seli, yana kazi gani katika kugeuka huko. Siku za mwanzo seli zinakwenda vizuri, halafu zinasinyaa. Mchana wa siku hiyo msimamizi wake alisema mbele yetu sote kwamba wapo watu ambao mikono yao haifai kulea seli. Sahani moja tu ya seli ndiyo iliyobaki hai, na asubuhi alitakiwa aikabidhi, kazi apewe mwingine.

Basi nikasinzia. Nikajikuta maabara, mchana kweupe, nasugua vyombo, na kwenye kiti cha dirishani amekaa Bi Salama, fundi wetu aliyenifundisha kazi, tuliyemzika mwaka jana. Alivaa koti lake jeupe, na kanga kiunoni juu ya koti, kama kawaida yake. Wala sikushtuka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikaanza kumlalamikia. Chakula cha seli ni kipya kabisa, vyombo nimechemsha mwenyewe, sasa zinakufa kwa nini? Nikaulaumu umeme, nikamlaumu msimamizi, nikawalaumu hata walioleta dawa. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema mdomo wangu bado ni mrefu kuliko mpira wa bomba, nimfuate.

Nageuka, hakuna maabara. Tuko uani kwake, siku ya arobaini yake mwenyewe. Watu wamekaa mikekani na yeye anapita katikati yao, hakuna anayemwona. Sufuria kubwa la pilau limepaliwa, makaa yamejaa juu ya mfuniko. Bi Salama anainama, anagusa ukingo wa mfuniko kwa kidole, na tunaingia, sijui vipi, kama mvuke unaorudi ndani.

Ndani hakuna wali. Tumo ndani ya seli. Kuna joto la kutulia, na kiini kiko katikati kama yai. Mitokondria zimekizunguka, fupi, za mviringo kama kunde. Bi Salama ananieleza kwa sauti ile ile ya kunifundisha kazi, kwamba seli ikiwa changa inakula sukari juu juu na kuridhika, majiko karibu yamelala. Ila ikitaka kuwa seli ya neva inabidi iote mkono mrefu wa kupeleka habari, na mkono huo hauendi mbali kwa sukari ya haraka haraka. Lazima majiko yawake, nayo huwaka polepole.

Naziona. Kunde zinanyooka, zinashikana, zinakuwa nyuzi, na nyuzi zinaanza kung'aa wekundu. Pembeni ukuta wa seli unachomoza kitu kama chipukizi. Nafurahi mpaka napiga makofi.

Mara mwanga unaingia, na baridi nyuma yake. Hewa inageuka chungu. Nyuzi zinakatika vipande vipande, wekundu unafifia, chipukizi linarudi ndani. Giza. Zinaanza upya kutafutana, taratibu, na kabla hazijashikana mwanga unaingia tena. Halafu tena. Nakasirika jamani, nauliza ni nani huyu asiye na adabu, hana kazi nyingine? Napanda juu nikamwone.

Nauona mkono, mkubwa kama ubao wa darasani, una bangili ya shanga za kijani. Juu ya mkono kuna uso unatabasamu, unasema kwa upole, hamjambo wanangu, mmeamkaje leo.

Ni uso wangu.

Nataka kuuambia funga, funga mlango. Sauti haitoki. Nasukuma, hausukumiki, unatabasamu tu.

Kweli nilikuwa nafanya hivyo. Kabati la joto, zinamolelewa seli, hufunguliwa mara moja kwa siku, na mwenye seli peke yake. Nilijua. Lakini Rehema akienda darasani nilikuwa nafungua mara nne, mara tano, kuzisalimia. Niliona salamu haina dhambi. Na zilipoanza kufa ndiyo nikazidi kuchungulia, kwa huruma.

Nikamgeukia Bi Salama nikilia, nikamwambia mimi nilizionea huruma.

"Najua," akasema. "Sasa mwonee huruma Rehema. Mwambie kabla hajaamini aliyoambiwa."

Nikamuuliza kama ile sahani ya mwisho itapona. Alikuwa ameshatoka, yuko uani, anaongeza kaa moja kwa koleo, na mgongo wake ukawa mbali, mbali.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, mto umelowa. Hasira ilikuwepo bado, ila sasa nilijua ni ya nani. Mimi si msomi, pengine mlango si kosa pekee, na pengine kazi nitafukuzwa leo hii. Nilishika simu nikaiweka, nikaishika tena.

Rehema alipokea mara moja, kumbe hakulala.

"Dada Mwaju, kuna nini alfajiri yote hii?"

Nikataka kuanza na habari za asubuhi. Nikaziacha.

"Usiikabidhi ile sahani," nikamwambia. "Mikono yako haina kosa. Ni yangu."